Fomu Moja Iliyopungua

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu moja ya Septemba 1936, mwalimu Tungabai alifungua sanduku la bati katika chumba cha maktaba mjini Dharwad, India. Wino ulimchuruzikia vidoleni. Fomu zote za wanawake walioomba kupiga kura kwa mara ya kwanza zilikuwa zimegandamana, nyeusi tititi. Ofisi ya wilaya ingefunga daftari la wapiga kura saa kumi na moja jioni siku hiyohiyo.

"Ni Appasaheb huyo, mwenye mashamba!" Hanumant, katibu wa maktaba, alipiga meza kwa kiganja. Alikuwa amefungwa jela mara mbili kwa kudai uhuru, na mji mzima ulimheshimu. "Jana alizungukazunguka hapa. Mkewe kaomba kura bila ruhusa yake."

Tungabai aliinuka. Alikagua kufuli la mlango: halikuvunjwa. Funguo zilikuwa tano, zote kwa wajumbe wa maktaba, na Appasaheb hakuwa mmoja wao. Hata hivyo alimwendea yule mwenye mashamba.

"Ndiyo, nilikuja," alisema Appasaheb, akitafuna tambuu. "Saa kumi alasiri. Nikasikia mtu ndani, nikabisha, akanyamaza kama paka mwizi."

"Ulitaka nini?"

"Fomu ya mke wangu. Hiyo tu! Za wake za watu nizifanyie nini mimi? Mtu huchukua kinachomhusu, mwalimu, akaenda zake."

Maneno hayo yalimwandama Tungabai hadi maktaba. Akakaa chini, akazibandua fomu moja moja kwa kisu, akizilinganisha na orodha aliyoiandika kwa mkono wake. Majina kwenye orodha yalikuwa mia moja arobaini na matatu. Fomu zilikuwa mia moja arobaini na mbili. Ya mke wa Appasaheb ilikuwemo, imeharibika kama zingine. Iliyokosekana ilikuwa namba sitini na moja.

Alilisoma jina mara mbili.

Saa tano unusu alimwita Hanumant, akafunga mlango.

"Mwanangu, jana saa kumi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Mama yako anasema ulitoka saa tisa."

"Umemhoji mama yangu?"

"Nimemsalimu. Huyo mama yako, Gangavva, alijifunza kuandika jina lake mwaka huu, akiwa na miaka sitini na miwili. Miezi mitatu nimemshika mkono. Fomu yake ndiyo pekee isiyomo sandukuni. Adui gani angeichagua hiyo, akaiokoa?"

Hanumant aliingiza mkono ndani ya shati, akatoa karatasi iliyokunjwa, safi.

"Sikuweza," alisema. "Niliuona mwandiko wake, herufi zinapanda mlima na kushuka. Sikuweza."

"Na zile zingine ziliwezekana?"

"Katiba hii inayotupa kura wameiandika London, mwalimu! Nani alituuliza? Gavana anaweza kufuta kila tutakaloamua. Wenzangu wamekufa jela, halafu sisi tunapanga foleni kupokea makombo na kushukuru!"

"Ni makombo, nakubali. Lakini Mwingereza aliamua bila kutuuliza, nawe jana ukaamua bila kuwauliza wanawake mia moja arobaini na wawili. Nioneshe tofauti."

Machozi yalimlengalenga Hanumant.

"Niitie polisi, basi."

"Polisi wa nani? Wa Mwingereza? Hapana. Utapita nyumba kwa nyumba, useme ni wewe na kwa nini. Mimi nakwenda kuomba fomu mpya."

Hanumant akaenda. Mlango wa kwanza alimwagiwa maji ya vyombo. Wa pili alitukanwa mpaka vizazi vya nyuma. Lakini hasira ile ilifanya kazi ambayo hotuba hazikuifanya. Wanawake walitoka na unga mikononi, wakawapitia majirani ambao hawakuwa wameomba kabisa. Mke wa Appasaheb alikuja, na mumewe nyuma yake, akibeba mwavuli.

Saa kumi na dakika ishirini, wanawake mia moja na sabini walikuwa wamejaa ukumbi wa ofisi ya wilaya. Mbele kabisa alisimama Gangavva.

Karani hakuinua macho. "Mke wa nani?"

"Mume wangu amekufa."

"Basi mama wa nani?"

Gangavva alimtazama mwanawe, aliyesimama mlangoni amelowa, kisha akamgeukia karani.

"Andika Gangavva," alisema. "Aliyekuja ni mimi."