Vyumba Vitano, Watu Wawili

Ndugu wasomaji, kwa heshima na taadhima nasimama mbele yenu kama shahidi asiye na upande. Nitaeleza jinsi ndoa ya kaka yangu ilivyopasuka Jumamosi moja mchana, na sitaongeza wala kupunguza neno. Nilikuwepo, maana likizo hii nalala kwao. Nilikuwa wa mwisho kwenye msafara wa wageni, mikono nimeificha mgongoni, kwa sababu zangu binafsi.

"Hii ndiyo sebule," kaka alikuwa anawaonyesha, kifua mbele kama mkuu wa shule siku ya wazazi. "Huku jiko. Hiki chumba chetu, kile cha rangi."

"Na kule?" Mama akauliza.

"Kule ni korido tu, Mama. Vyumba vitatu, bado havina kitu."

"Havina kitu kwa sasa," Mama akasema, akawakonyeza mashangazi.

Mashangazi wakacheka. Jirani mpya, ambaye hakuna aliyemwalika, akacheka kuliko wote.

Niwape historia kidogo. Kaka yangu ni mchora mabango. Mkewe, yaani wifi yangu, ni fundi cherehani. Kwa miaka sita waliishi katika chumba kimoja, cherehani miguuni pa kitanda na makopo ya rangi uvunguni. Kila Mama alipouliza habari za mjukuu, wifi ndiye aliyejibu, upesi, kabla kaka hajafungua mdomo: "Chumba chenyewe hiki, Mama. Mtoto tutamning'iniza kwenye msumari?" Watu wakaridhika. Chumba kimoja, mtoto hakuna; vyumba vingi, watoto tele. Sasa wamepanga nyumba ya vyumba vitano kwa sababu wifi anataka pa kukatia vitambaa na kaka anataka pa kuwekea rangi. Hakuna aliyewauliza hilo. Watu walihesabu milango tu.

Mama akawasha taa ya korido.

Kwenye mlango wa kwanza, kwa herufi nyeupe zilizonyooka kama za hospitali, paliandikwa: MTOTO WA KWANZA. Wa pili: MTOTO WA PILI. Wa tatu: MAPACHA.

Vigelegele vilipigwa mpaka balbu ikatikisika.

Wifi alikuwa ameshika trei ya glasi. Hakuiangusha. Aliiweka chini taratibu, akapitisha kidole kwenye ile M ya mwanzo, iliyokuwa na mguu mmoja mfupi. M zote za kaka ziko hivyo. Anatumia vibati vilivyotobolewa kwa umbo la herufi. Unakiegemeza kibati ukutani, unapaka rangi juu yake, unakitoa. Siku aliyotoboa kibati cha M, kisu kilimteleza.

"Haya mwanangu," Mama akamwambia, "kisingizio kimekwisha. Chumba hiki hapa, tena kimeandikwa na mwenyewe."

"Hata mimi nilitaka kuuliza," jirani akadakia. "Hapa mtaani tukuite mama nani?"

"Niiteni fundi."

"Fundi ni kazi, dada. Nauliza mtoto."

"Msimsumbue," Mama akasema. "Huyu alikuwa anaogopa kubanana. Wake wa siku hizi wanapenda nafasi kuliko watoto."

Wifi akamtazama mumewe. Korido nzima ikamtazama. Kaka akajikuna shingo, akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyeitwa ubaoni bila kusoma.

"Tutajaza tu, Mama," akasema. "Tutajaza."

Wageni walipoondoka, nilitoka nje kusafisha brashi fulani ambayo si lazima niieleze. Bomba la maji liko chini ya dirisha la chumba chao, na dirisha lilikuwa wazi.

"Kwa nini?" ilikuwa sauti ya wifi.

"Kwa nini nini? Mimi ndiye wa kuuliza. Umeona vizuri kuniandikia vile mbele ya mama yangu?"

"Nikuandikie mimi? Vibati ni vya nani?"

"Na ufunguo wa chumba cha rangi anao nani zaidi yetu?"

"Uko kwenye msumari, unauchukua kila siku. Usinigeuzie. Ile M ina ule mguu wako mfupi."

"Sikuandika mimi."

"Basi ni nani? Tunaojua ni wawili. Hakuna mtu mwingine angejua pa kunichoma."

"Kukuchoma wewe? Aliyechomwa ni mimi! Kama ulitaka kunikumbusha, si ungesema humu ndani?"

"Nikukumbushe nini? Kwamba jina kwenye karatasi ya daktari lilikuwa lako?"

Nilifunga bomba. Sijui kwa nini; ndiyo kwanza wakasikika vizuri zaidi.

"Punguza sauti," kaka akasema.

"Nimeipunguza miaka sita! Nani aliyesema chumba ni kidogo? Mimi. Nani aliyeitwa mchoyo wa tumbo kwenye harusi ya binamu yako? Mimi. Nilikuambia nitakubebea, nimekubebea, na sikukudai hata asante. Leo unasimama mbele ya mashangazi unasema tutajaza. Tutajaza na nini, mume wangu?"

"Ulitaka niseme nini mbele za watu?"

"Usingesema kitu. Hata kunyamaza kungenitosha."

"Niapie kwamba hukuandika."

"Niliapa mara moja, siku ya ndoa. Sirudii."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo mtu mwenye utu angesimama, agonge dirisha, aseme jambo. Shahidi asiye na upande aliendelea kuchuchumaa.

Kabla jua halijazama, wifi alikuwa amekwenda kwa dada yake. Dada huyo ana vyumba viwili na watoto watano, hesabu ambayo Mama hajawahi kuijaribu.

Jumapili kaka alinikabidhi simu. "Wewe ndiye msomi hapa," akasema. "Nisaidie kupanga maneno. Mimi nikiandika nitaharibu."

Tukaandika: "Umefika salama?"

Ikarudi: "Nimefika."

"Rudi nyumbani tuzungumze."

"Mwambie mama yako kwanza. Akishajua, nitarudi siku hiyohiyo, hata kwa miguu."

Kaka alizunguka sebule mara tatu. Tukashauriana. Ikaenda hii: "Niambie kwanza kwa nini uliandika ile milango."

Aliisoma. Hakujibu. Siku hiyo hakujibu, wala Jumatatu.

Jumatatu hiyo Mama ndiye aliyepiga. Kaka alikuwa na povu la vyombo mikononi, nikamshikia simu ikiwa kwenye spika.

"Nasikia amekimbia vyumba!" Mama akasema. "Si nilisema? Hakuwa anaogopa nafasi ndogo. Anaogopa uzazi."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mwanamke amewekewa kila kitu. Miaka sita nimemvumilia. Mwanangu, unataka kuzeeka unahesabu kuta?"

"Mama, mambo hayako hivyo."

"Yakoje? Nieleze basi. Mimi ni mama yako, nieleze."

Nilimwona kaka akivuta pumzi. Nilidhani ndiyo kweli yenyewe inakuja. Hata mimi nilishika simu vizuri.

"Kuna bango la duka la dawa linanisubiri," akasema. "Tutaongea."

Jumanne asubuhi akaingia chumba cha rangi kuanza hilo bango. Haikupita dakika nikasikia, "Kiranja! Njoo hapa!"

Ananiita hivyo kwa kejeli. Niliwahi kuwa kiranja wa bweni kwa siku kumi na moja, kisha uongozi wa shule na mimi tukatofautiana.

Alikuwa amesimama mbele ya ubao anapotundika vibati.

"Soma," akasema.

"Nisome nini?"

"Vibati. Kuanzia kushoto."

"A, B, C, D..."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka Z, kaka."

"Mimi natundika irabu tano tu, hapa mkono wa kulia, maana ndizo nazishika kila dakika. Nyingine zote natupa kwenye boksi. Mke wangu akivigusa, anatupa vyote kwenye boksi. Sasa niambie, Kiranja. Katika nyumba hii, ni nani anaiba vitu halafu anavirudisha kwa mpangilio kama daftari la mahudhurio?"

Nilifungua mdomo kutoa utetezi.

"Ulikuwa utani, kaka."

Akakaa juu ya kopo la rangi. Hakunipiga. Nilitamani anipige.

"Tangu Jumamosi," akasema. "Umeniona tangu Jumamosi. Umekula na mimi."

"Niliogopa."

"Vaa viatu."

Wifi alikuwa kwenye kibaraza cha dada yake, anashona sare za shule kwa cherehani ya kuazima. Kaka akanisukuma mbele. Nikasema. Nilisema haraka, nikiangalia miguu ya cherehani: kwamba ufunguo niliutoa mimi kwenye msumari Ijumaa walipokwenda sokoni, kwamba vibati nilivishika mimi, kwamba kila mmoja wao alikuwa anamdhania mwenzake bure.

Wifi akatoa mguu kwenye pedali.

"Kumbe," akasema.

"Umesikia mwenyewe," kaka akasema, na uso wake ukachanua. "Si mimi. Na mimi sasa najua si wewe, nisamehe kwa kukudhania. Yamekwisha. Chukua mkoba wako twende nyumbani."

"Yamekwisha?"

"Si mtoto tu alileta utani?"

"Mama yako anajua?"

"Kwamba ni huyu? Nitamwambia leo hii."

"Sisemi habari za milango."

Kaka akawatazama watoto wa shemeji yake waliokuwa wanagombania ndoo uani.

"Nipe muda, mke wangu."

"Nilikupa miaka sita. Tena tukiwa tumebanana, hata pa kulilia hapakuwa."

"Unamjua Mama. Habari hii itamwangusha."

"Mimi imeniangusha? Nimeitwa mchoyo, nimeitwa mgumba, jana nimesikia natafutiwa mwenzangu. Na bado nimesimama." Akaonyesha mfuko wa shati la kaka. "Simu hiyo. Mpigie. Sema maneno matatu: tatizo ni langu. Ukimaliza kukata, mimi nabeba mkoba, na hao mashangazi wakija nitawapikia chai mwenyewe."

Kaka akatoa simu. Akatafuta jina la Mama. Kidole kikasimama juu yake, hakishuki, hakiondoki. Mimi nilikuwa nasema moyoni, bonyeza, bonyeza, kama mtu anayeangalia mpira. Kioo kikafifia, kikazima. Akakitazama hivyohivyo kimezima, kisha akarudisha simu mfukoni.

"Si leo," akasema.

Wifi akatikisa kichwa taratibu, kama mteja aliyeambiwa nguo yake haiko tayari, naye alikuwa anajua tangu alipotoka nyumbani.

"Jumamosi nitakuja kuchukua cherehani yangu," akasema. "Uitoe mlangoni. Sitaki kupita kwenye ile korido."

"Mke wangu..."

"Na pete nitaiacha kwa jirani yako. Atafurahi kupata habari."

Kaka akaondoka bila kuniita. Nilitaka kumfuata, lakini wifi akasukuma stuli kwa mguu.

"Kaa."

Nikakaa.

"Umesema ulikuwa utani."

"Ndiyo, wifi."

"Nimepima watoto wa shule sare kwa miaka tisa. Najua wanavyovuta tumbo ndani wakitaka kunidanganya kipimo. Pumua."

Nikapumua.

"Utani huo, watu walicheka?"

"Walicheka wote."

"Wewe ulicheka?"

Nilitafuta jibu la kishule, lenye utangulizi na hitimisho.

"Sikucheka."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Ukitafuta nini usoni kwangu?"

"Nilitaka uone haya," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, kama si yangu. "Kila likizo nikirudi, Mama ananiambia unamnyima kaka mtoto. Nikaamini. Mlipohamia, nilihesabu vyumba, nikasema haya, sasa tuone atasingizia nini. Haukuwa utani, wifi. Niliuita utani ili nisipigwe."

Alichukua uzi, akautia kwenye tundu la sindano, ukaingia mara ya kwanza.

"Ndiyo yote?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye pedali.

"Bado," nikasema. "Jumamosi ileile nilisikia kila kitu, nilikuwa chini ya dirisha. Nikajua kwamba tatizo si wewe. Na Jumapili kaka aliponipa simu, meseji ile ya mwisho hakuwa ameisema vile. Alitaka niandike, 'Nisamehe kwa lile neno tutajaza. Leo jioni nakwenda kwa Mama.' Alisema hivyo, wifi, alisema akiwa amesimama tayari, funguo mkononi. Mimi nikamwambia asikubali kosa kabla hujaeleza habari za milango. Niliogopa kwamba mkipatana, mtaanza kuulizana ni nani aliyeandika. Akakaa chini. Nikaifuta ile ya msamaha, nikatuma ya milango."