Mtungi Ulioachwa Wazi

Stendi ya mabasi ya Shinyanga ilikuwa imefurika asubuhi ile. Magunia ya mchele yalikuwa yakipakiwa, wapiga debe wakivutana mikoba na abiria, na katikati ya vurugu hiyo mwanamke mrefu mwenye ovaroli ya kijani, buti za mpira na kilemba chekundu cha kitenge alikuwa amekumbatia mtungi wa chuma kama mtu aliyebeba mtoto.

"Jamani msinisukume! Humu mna ng'ombe!"

Watu waliangua kicheko. Mwanamume mmoja, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, hakucheka. Aliukazia macho ule mtungi.

"Dada, samahani. Hiyo ni nitrojeni ya kimiminika?"

"Wewe ni askari?"

"Mimi ni mwalimu wa fizikia. Naitwa Thobias. Nimeitafuta mji mzima, mpaka hospitalini."

"Ungepita zizini, kaka." Alicheka, na mwanya mdogo wa meno yake ya mbele ukamvuruga Thobias mawazo. "Naitwa Limi. Ni mhimilishaji, napandisha ng'ombe kwa chupa huko Kishapu. Humu nimegandisha mbegu za madume. Wewe una ng'ombe?"

"Nina sumaku."

"Maskini."

Jioni yake Thobias alikuwa na mhadhara katika ukumbi wa chuo. Chuo chake cha Mwanza kilikuwa kimemtuma kuzunguka mikoa akieleza utafiti wake juu ya maada za kwantamu, yaani vitu ambavyo vikipozwa sana hubadilika tabia. Bila baridi ya nitrojeni ile angebaki na picha ukutani tu. Limi alimkubalia kikombe kimoja, kwa sharti kwamba amwekee kiti cha mbele. Miaka mitatu alikuwa akisoma masomo ya jioni ili arudie mtihani wa kidato cha sita, na fizikia ndiyo iliyokuwa ikimtoa machozi.

Jioni ile Thobias alimimina baridi juu ya kipande cheusi kama kigae, moshi mweupe ukatambaa mezani, akaweka sumaku juu yake. Sumaku haikugusa chini. Ilielea. Walio nyuma walisimama waone.

"Elektroni hukimbiana," alisema. "Lakini ndani ya kitu hiki, zikipoa vya kutosha, hushikana mbili mbili na kupita bila kukwaruzana na chochote."

Baadaye, nje ya ukumbi, Limi alimuuliza, "Kwa hiyo ili wawili washikane lazima wawe baridi?"

"Lazima watulie."

"Basi mimi na wewe tumeshindwa. Wewe hujatulia tangu uliponiona stendi."

Simu zikaanza. Kila jioni, baada ya darasa lake, Limi alimpigia kutoka Mhunze, kule Kishapu, naye Thobias alimsaidia hesabu za umeme hadi salio lilipokwisha.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula ugali na sauti yako."

"Mwongo mkubwa. Nieleze tena ukinzani."

Mvua za vuli zilipokwisha, Thobias alisema atatuma washenga kwa baba yake Limi. Limi alipiga magoti kando ya kitanda akamshukuru Mungu, maana alikuwa amekwisha kuacha kuomba jambo hilo.

Ilibaki mihadhara miwili: wa Geita siku ya Ijumaa, na wa Mwanza Jumatatu, ambako wafadhili wangeamua kama wampe maabara. Kwa Geita Thobias aliomba baridi nyingi zaidi, mtungi mzima. Limi alikuwa na mtihani wa majaribio siku hiyo, hangeweza kwenda naye, na mtungi wa pili wa ofisi ya mifugo ulikuwa mbovu, hana pa kuzihamishia mbegu. Alisita. Wafugaji wa vijiji saba walimwamini kwa ajili ya mtungi ule. Wengi walikuwa wamehasi madume yao wakingoja ndama wa maziwa kutoka mikononi mwake. Lakini moyo ulishinda.

"Chukua. Ila ukimaliza kumimina, funika. Usingoje hata dakika."

"Nimesikia, mama wa ng'ombe."

Huko Kalangalala, mjini Geita, ukumbi ulijaa wachimbaji wa dhahabu. Sumaku ilipoelea walipiga mbinja. Kisha maswali. "Mwalimu, hicho kigae kinaweza kunusa dhahabu chini ya mwamba?" "Rudia, wa nyuma hatujaona!" Thobias alirudia, akamimina tena na tena, akajibu kila mtu kwa furaha. Mtungi ulibaki wazi juu ya meza, chini ya feni, jioni nzima.

Jumamosi aliurudisha. Limi alitumbukiza kijiti cha kupimia, akakitoa. Siku zote kilitoka na ganda jeupe la barafu. Safari hii kilitoka kikavu, cheusi vilevile kilivyoingia.

"Thobias. Uliufunika?"

"Walikuwa wanauliza maswali."

Limi aliketi chini, hapohapo uani. "Zimekufa zote. Mbegu za vijiji saba."

"Nitasema ni mimi. Jumanne, nikitoka Mwanza, tutakwenda wote kwa Bwana Mifugo."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Naapa."

Alikubali. Lakini ng'ombe akipata joto la kupandwa hangoji Jumanne. Jumatatu alfajiri simu iliita. Alikuwa mzee Mabula, ambaye ng'ombe wake mmoja ndiye tegemeo la wajukuu wanne.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu, mama. Ng'ombe wangu ana joto tangu usiku. Njoo upesi, joto lisije likapita."

Limi alimpigia Thobias. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga tena akiwa njiani na pikipiki. Imezimwa. Alipofika zizini, mzee alikuwa amekwisha kumfunga ng'ombe na kuweka maji ya moto na sabuni. Limi alishika mrija wa mbegu mfu. Angeweza kuitia. Ng'ombe kukosa mimba ni jambo la kawaida, nani angejua? Alifumba macho akaomba, na ombi lenyewe lilikuwa fupi: Baba, nisaidie nisidanganye.

"Mzee, siwezi. Mbegu zimekufa. Niliazimisha mtungi kwa mchumba wangu, kwa ajili ya mhadhara, ukaachwa wazi."

Mzee Mabula alianza kumfungua ng'ombe. "Ng'wanawane," alisema taratibu, kwa Kisukuma akimwita mwanangu, "ulipeleka ng'ombe zetu zikacheze na sumaku?"

Limi alikwenda mwenyewe ofisini kueleza, na kabla jua halijapanda wafugaji walikuwa wamejaa humo. Wanawake aliozoea kunywa nao chai walimkwepa kama mgonjwa. Bwana Mifugo alichukua funguo za pikipiki, akamwambia asirudi.

Mchana simu iliita.

"Limi mpenzi! Nilizima simu kabla ya kupanda jukwaani. Tumepata maabara! Sikiliza wanavyopiga makofi!"

Alisikiliza. Makofi yalikuwa mengi kweli.

"Hongera, mwalimu," alisema, akazima.

Thobias hakujua. Alidhani Limi ana uchungu wa kukosa kuwapo. Jumanne alifika ofisini na shati lake jeupe, akasimama mlangoni akimngoja Limi ili waingie wote. Bwana Mifugo ndiye aliyemwambia.

"Yule binti alikuja jana. Peke yake."

"Kosa ni langu, mzee. Niandikeni mimi."

"Mtungi tulimkabidhi yeye. Wewe hatukujui."

Alimkuta Limi nyumbani kwao anapepeta mtama. Alikuwa amevaa gauni la zamani, kichwa wazi. Thobias alipiga magoti kwenye makapi.

"Ulidhani nimekukimbia."

"Nilidhani hivyo. Usiku kucha nilikuchukia." Aliweka ungo chini. "Sasa nakuona, na chuki imeisha. Afadhali ingebaki."

"Basi nikubali. Washenga watakuja Jumamosi. Nitakuoa, utasoma, tutaishi Mwanza."

"Mahari utampa nini baba?"

"Ng'ombe. Kama desturi."

Limi alitabasamu, na machozi yakapita kwenye tabasamu lile. "Mzee Mabula hana ndama mwaka huu. Naye atasimama njiani aone ng'ombe wako wakiswagwa kuingia kwa baba yangu. Watasema niliuza mbegu zao, na hayo ndiyo malipo. Baba ataishi nao, Thobias. Ndio watakaomzika."

"Tungoje basi. Mwaka. Miwili."

"Watasahau?"

Thobias naye alizaliwa huku, alijua hawatasahau.

Mama yake Limi aliita kutoka jikoni kwamba maji yamechemka. Limi alimshika Thobias mikono, akamwambia waombe kwanza. Aliomba kwa sauti ya chini. Alimshukuru Mungu kwa maabara. Aliomba ng'ombe wa mzee Mabula apate joto tena. Kisha akaomba Thobias apewe mke mwema, mwenye kumpenda.

Alingoja. Thobias alikuwa ameuma midomo, hataki kuitikia.

"Sema amina, mwalimu."

Alitikisa kichwa.

Limi alingoja zaidi, hata mama akaita tena. Ndipo akaisema yeye amina, akaachia mikono, akaingia jikoni kusonga ugali.