Mzizi wa Kati

"Mzizi wa kati nani ataukata?" Shosho aliuliza.

Jioni ile ya Agosti 1993, huko Gatuanyaga, Muriithi alishachimba mtaro kuuzunguka mmakadamia, akakata mizizi ya kando na kulifunga dongo lake kwa gunia. Mti ulikuwa umedumaa kwa ukame, ukawa kichaka cha kimo cha bega, lakini ulizaa. Shamba la marehemu kaka yake alishaliuza. Sasa alitaka na kichaka, akakipande kwake Murera.

"Baba mdogo, umeuza shamba letu bila kutuuliza," alisema Wangechi, binti wa marehemu. Chuo chake kilikuwa kimefungwa kwa mgomo. "Hata mti hutuachii?"

"Si wewe ndiye bingwa wa debate huko campus? Haya, bishana na jembe."

Shosho, bibi yake Wangechi, alimshika Muriithi mkono. "Muriithi... chini hapo nilizika kondo la nyuma la Wamboi, mdogo wake huyu. Anayeukata huo mzizi ni mama aliyemzaa. Si mwingine."

Mama yao Wangechi na Wamboi alikuwa makaburini Thika tangu mwaka uliotangulia.

Muriithi alitema mate kiganjani, akashuka shimoni na panga.

Pa!

Jikoni, Wamboi alipiga mayowe.

Wangechi alimkuta mdogo wake sakafuni, kisigino kimepasuka hadi mfupa. Alikuwa akiosha viazi tu. Kisu kilikuwa bado kimetundikwa ukutani.

Pa!

Mguu wa pili ukafunguka mbele ya macho yake. Taratibu. Kama mdomo.

Hakuna kilichougusa.

Wangechi alikimbia, akajitupa shimoni. "Acha! Unamuua!" Muriithi alimzaba bapa la panga usoni, jino likatoka. Wangechi akamng'ata paja. Akapigwa teke, akaanguka kifudifudi, mdomo umejaa udongo.

Udongo ulinuka maziwa. Maziwa ya mama anayenyonyesha...

Muriithi aliinua panga tena. Halikushuka.

Mkono ulikuwa umetoka udongoni. Umeshika bapa. Kwenye kifundo chake, bangili ya shaba. Bangili ambayo Wangechi mwenyewe alimvisha mama ndani ya jeneza.

Panga liligeuka. Vidole vitatu vya Muriithi vikaanguka kwenye gunia. Kisha, polepole, kama anayekata kitovu, mkono ule uliukata mzizi.

Jikoni kukanyamaza.

Wamboi aliishi. Lakini Muriithi hakujifunza kitu! Alifungwa bendeji, akalipa kijana na mkokoteni, mti ukaenda Murera.

Wiki chache baadaye Wangechi alisimama nje ya geti la Muriithi, Wamboi mgongoni, miguu imefungwa vitambaa. Jentrix, msichana wa kazi, alichungulia.

"Mzee amesema nisikufungulie, dada."

"Yuko wapi?"

"Huko nyuma. Ananoa panga kwa mkono wa kushoto. Ati matawi yamezidi."

"Na yule mwenye bangili... umemwona?"

Jentrix aligeuka kutazama nyuma. "Kuna mama hukaa hapo kwa mti kila jioni. Leo... leo hajakuja."

Wangechi alikuwa na hoja zote. Za urithi. Za sheria. Za wanaume wanaouza wasichopanda. Alifungua mdomo.

Nyuma ya nyumba, kitawi kilikatika.

Tk.

Shingoni mwake, kidole kidogo cha Wamboi kilipinda kinyume. Mtoto hakulia. Alishusha pumzi tu, ya moto.

"Jentrix," Wangechi alinong'ona, "nakuomba, fungua geti."