Wimbo Wangu Ulipandishwa Nikiwa Jukwaani

Nilijua nimesalitiwa kabla sijafungua mdomo.

Tarumbeta nne, saksafoni tano, troboni tatu, zote zilianza wimbo wangu... na haukuwa mahali pangu. Ulikuwa juu. Juu sana.

Jumapili saa tisa mchana, ukumbi umejaa hapa Nyeri mjini, watu mia tatu wananitazama. Meza ya mbele ameketi meneja wa hoteli aliyekuja kuchagua mwimbaji mmoja wa kuimba na bendi yetu mwaka mzima.

Na mimi nimebakisha sekunde kumi hivi nianze kuimba.

Niwaeleze haraka. Naitwa Wakiuru. Nauza mbegu na dawa za mifugo Karatina, nina diploma ya kilimo na mtoto mmoja, Shiku. Kila Alhamisi jioni naimba blues na jazz za zamani na bendi ya Mutahi, mzee aliyestaafu bendi ya polisi. Bendi kubwa kama hiyo haimsikilizi mwimbaji. Inasoma karatasi za noti. Kilichoandikwa ndicho kinachopigwa.

Wimbo wangu huanzia G. Hapo sauti yangu inakaa vizuri. Siku hiyo waliuanzia C. Kwa wasiojua muziki: ni kama mtu apandishe kabati lako la jikoni hadi darini, halafu akuambie toa sufuria.

Niligeuka nyuma. Mume wangu Wahome, tarumbeta ya kwanza, macho yote kwenye karatasi. Karwitha, msichana wa Chuka anayeniitikia, alinitazama kama mtu anayesubiri ajali.

Nikakumbuka. Karwitha ndiye hupanga karatasi kwenye stendi. Karwitha ndiye angepata nafasi yangu. Na nusu saa kabla ya hapo alikuwa ameniletea maji moto, akaniambia:

"Auntie, leo si uimbe chini? Huko juu kutakusumbua."

"Nani amekuambia nimezeeka?"

"Sijasema hivyo."

"Basi shika maji yako."

Sasa nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa.

Sekunde ziliisha. Kupanda sikuweza, kwa hivyo nilishuka. Niliingia chini kabisa, kwenye ile sauti ninayotumia kumfukuza ng'ombe wa jirani kwenye mahindi yangu. Wimbo ni wa mwanamke anayefunga virago bila kupiga kelele. Niliuimba kwa hasira hadi kifua kikatetemeka. Vijiko vikanyamaza mezani.

Nilipomaliza, watu walisimama wakapiga makofi.

Mtu mwenye akili angeinama na kushukuru. Mimi nilishika maikrofoni.

"Asanteni. Na wewe Karwitha, asante kwa kubadilisha karatasi zangu ili niaibike. Mwangalieni vizuri. Nilimfundisha kupumua, sasa anataka kunikaba."



Msichana alishuka jukwaani akilia.

Mapumziko yalipofika, Mutahi alinifuata nyuma ya jukwaa.

"Wakiuru, umefanya nini?"

"Nimesema ukweli."

"Ukweli gani? Si ni wewe uliomba wimbo upandishwe?"

"Mimi? Nani amesema?"

Peterson, mpiga piano wetu, ndiye aliyejibu. "Bwana yako. Asubuhi alileta karatasi mpya akampa Karwitha azipange. Ati unataka kuonyesha watu bado uko na sauti, na tusikuulize maana utakasirika."

"Na mkaamini?"

"Ni bwana yako, Wakiuru. Mtu akisema mke wangu amesema, tuanze kukupigia simu tuhakikishe?"



Watu kumi na watano, wengine wana mvi, na mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwao nikipaka rangi ya mdomo. Hakuna aliyeona haja ya kuniuliza. Aliyejaribu ni mmoja tu. Aliniletea maji moto, nami nikamtukana.

Nilimkuta Wahome akipangusa tarumbeta yake taratibu.

"Ni wewe?"

Hakukataa.

"Ulitaka nifanye aje? Sokoni naitwa bwana ya Wakiuru. Kanisani ni bwana ya Wakiuru. Na ni mimi nilikuleta kwa hii bendi."

"Kwa hivyo ukaona nivunjike mbele ya watu."

"Ungeaibika siku moja, urudi nyumbani. Hungekufa."

Siku moja. Huyu ni mtu ninayemfulia soksi.

"Soksi zako utajifulia," nikamwambia, nikatoka.

Karwitha alikuwa nje penye magari, begi begani, akitafuta boda.

"Nimekukosea," nikasema.

"Mama yangu ametoka Chuka leo kunisikiliza, Auntie. Mara ya kwanza. Akasikia hayo."

"Ameketi wapi?"

"Ya nini?"

"Ili nijue nitazame wapi nikisema."

Kipindi cha pili kilipoanza, Karwitha akiwa amerudi jukwaani, nilishika maikrofoni ileile. Nikamtazama mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, meza ya tatu kutoka mlangoni, pale Karwitha aliponionyesha.

"Nimemsingizia mtoto wa mtu hapa. Karwitha hakubadilisha chochote. Aliyebadilisha ni mume wangu, Wahome, huyo hapo nyuma. Wimbo unaofuata naimba na Karwitha. Piano, besi na ngoma. Tarumbeta ya kwanza ipumzike."

Wahome aliiweka tarumbeta magotini kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Mama Karwitha alinitazama mpaka wimbo ukaisha. Hakupiga makofi. Simlaumu.

Sasa sikieni hii. Tukikunja nyaya, meneja wa hoteli akamwendea Mutahi.

"Tunamchukua huyu mama. Lakini ule wimbo wa kwanza msiuguse. Ubaki vilevile, na ile sauti ya chini."

Miaka sita nimeimba kwa G, kumbe sauti yangu ilikuwa imelala chini. Mume wangu aliiamsha akijaribu kuizika.

Mnaotaka kujua kama nimemwacha: bado tuko nyumba moja. Mutahi amemshusha hadi tarumbeta ya nne, na kila Jumamosi pale hotelini anapiga karatasi aliyoiandika kwa mkono wake ili inimalize. Karwitha ananiitikia bado, ila maji moto haniletei tena. Najiletea.

Funzo langu ni fupi. Ukiambiwa fulani amesema, nenda kwa fulani umuulize, hata kama anayekuambia analala naye kitanda kimoja. Mimi mwenyewe ningemuuliza Karwitha kwanza, singemwaibisha mbele ya mama yake na watu mia tatu.

Juzi jioni Wahome alikuwa sebuleni akamwambia Shiku, "Mama amesema uzime TV ukalale."

Mtoto wa miaka minane akainuka, akaja mpaka jikoni, akasimama mlangoni.

"Mum, ni kweli umesema?"

Sikuwa nimesema. Nikamwambia arudi amalizie kipindi chake.