Tawi la Fransis

Lile tawi lilimtangulia Fransis kufika nyumbani.

Alikuwa amelikata mwenyewe asubuhi, ndani ya msitu wa Pugu, mwendo wa saa nzima kutoka kwake, akalilaza juu ya njia na kuliacha hukohuko. Alasiri aliporudi akalikuta limejilaza mlangoni pake, majani yakidondoka maji. Na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

"Zuena! Nani kaleta hili?"

Zuena akatoka jikoni, mwiko mkononi, tumbo la miezi saba mbele yake. "Lipi? Mie nimefagia hapo sasa hivi."

Fransis akachutama. Panga lake lilikuwa na pengo, na kila alichokikata kilibaki na mstari uliotuna kama kovu. Akapitisha kidole. Mstari ulikuwapo.

"Langu hili," akasema, akaangua kicheko. "Limechoka kukaa msituni, limekuja kula."

Zuena hakucheka.

Mwaka ule ndio Malkia wa Uingereza alivikwa taji, na Bwana Miti, yule Mzungu wa mambo ya msitu, akaamuru vilima vile vifyekwe njia za matembezi. Wazungu na Wahindi wa mjini wawe wanashuka treni Jumapili na vikapu vyao, wazunguke chini ya miti, kisha warudi makwao. Bi Kidawa mfinyanzi, jirani yake Zuena, alipoelezwa alijishika kiuno. "Mtu mzima anaingia msituni, hatafuti kuni, hatafuti dawa, anatembea tu? Kwao hana kazi?"

Fransis alikuwa mnyapara wa wafyekaji, mtu wa Songea, mcheshi, hodari wa kupiga mluzi. Na wafyekaji wana desturi yao. Wakifika njia panda, aliye mbele hukata tawi lenye majani akalilaza juu ya njia isiyofaa, upande uliokatwa ukielekea kule wenzake wanakotakiwa kupita. Wa nyuma akiliona haulizi. Tawi limekwisha kusema.

"Umefunga njia gani leo?" Zuena akauliza.

"Ile inayoshuka kwenye mwamba. Wageni wataangukia korongoni."

"Ile wanayopeleka unga wa tambiko kina Bi Kidawa?"

"Hiyohiyo."

"Ukaomba kwanza?"

"Nimwombe nani, mama? Njia ya Serikali hiyo."

Zuena alikuwa mtoto wa Kisarawe, alijua. Kwetu sie njia ya zamani ina mwenyewe. Hata kama unataka kuisogeza kidogo kwa ajili ya shamba, unasimama, unasema shida yako, ndipo unashika panga. Lakini mume ana njaa na wali unapoa, utaanzia wapi kumfundisha? Akatazama tu upande uliokatwa wa lile tawi. Ulielekea msituni.

"Usiliruke," akamwambia.

Fransis alikwisha kuliruka.

Asubuhi tawi halikuwapo tena mlangoni. Fransis akavaa buti zake za Serikali, akaondoka na mluzi wake, asirudi. Wenzake walisema alitangulia mbele kama kawaida yake, wakawa wanalisikia panga lake, kisha wakawa hawalisikii.

Alasiri Zuena alikuwa uani anapepeta mchele. Akasikia mluzi. Akasikia buti juu ya majani makavu, zinakuja, zinakuja, akaweka ungo chini ainuke kumpokea. Toka uani pao hadi miti ya kwanza ni hatua ishirini, hazizidi. Buti zikafika kwenye miti ya kwanza. Zikageuka.

"Zuena!" Sauti yake, si ya mwingine, imekauka kwa kiu. "Zuena, washa moto nione moshi. Nyumba siioni."

"Niko hapa! Nyoosha tu uje!"

"Wapi?"

"Hapa, mbele yako! Fransis, hapa!"

Akatupa majani mabichi motoni, moshi ukapanda mnene, na sauti ikasema tena siioni, safari hii kutoka kushoto, naye akakimbilia kushoto ameshika tumbo, ikasema kutoka nyuma ya choo, akazunguka nyuma ya choo, na huko hapakuwa na mtu, palikuwa na harufu tu ya udongo uliolowa, nzito, kama kaburi lililochimbwa wakati wa masika, na mluzi ukienda zake kule juu vilimani, wimbo uleule aliokuwa akiupiga kila siku akivua buti mlangoni.

Kornelio, msaidizi wa Fransis, alikuja na watu kumi na wawili. "Shemeji, wewe kaa utulie. Tutakuletea mtu wako."

Walitafuta siku tatu. Kila njia waliyoimaliza waliilazia tawi, wenzao wasiirudie bure. Hawakuambizana, mikono ilikuwa imezoea, ilifanya yenyewe. Na kila siku sauti ya Fransis ilizidi kuwa mbali, hata siku ya tatu Zuena hakuisikia kabisa. Kornelio ndiye aliyeisikia, huko ndani, ubavuni pake, karibu kiasi kwamba jani lilitikisika kwa pumzi.

"Kornelio, ndugu yangu," ilisema taratibu, bila hasira, "mbona mnanizibia?"

Kornelio alirudi amejikojolea, wala hakuona haya kulisema. Bwana Miti yeye aliandika kitabuni kwake kwamba mnyapara ametoroka kazi.

Bi Kidawa alikuwa msibani Maneromango. Alirudi siku ya nne, na kabla hajatua mzigo akaja kwa Zuena, mikono yenye weupe usiotoka wa ule udongo wa Pugu anaofinyangia, akawakuta Kornelio na wenzake uani.

"Shikamoo, bibi," Kornelio akasema.

"Marahaba. Nyie wanaume, mmefunga njia ngapi?"

Kornelio akaanza kuhesabu kwa vidole. Vidole vikamwishia. Akakaa chini palepale. "Mungu wangu. Tumemfungia nje."

"Mmemfungia ndani," Bi Kidawa akasema. "Tawi huondolewa na mkono uliolilaza. Mkono wa kushoto, na umwombe radhi mwenyeji wa njia kwa kinywa chako. Mie siwezi kukuondolea, hata mganga wa Bagamoyo hawezi. Haya, inukeni!"

Wakaenda, kila mtu na matawi yake, Zuena na Bi Kidawa wakiwafuata nyuma. Siku tatu tu, nakwambia, na mengine yalikuwa yamekwisha kutoa mizizi, myeupe, laini kama vidole vya kichanga, imeishika ardhi haitaki kuachia. Wakang'oa, wakaomba radhi, wengine wakilia. Na kadiri walivyong'oa, buti zikaanza kusikika upya. Kwanza kwa mbali. Kisha ng'ambo ya korongo. Kisha hapa.

Likabaki tawi moja, pale njia panda ya mwamba. Lilikuwa limerudi mahali pake, limenyooka, limestawi. Kornelio akatazama lilipokatwa, akaona ule mstari.

"Hili la mwenyewe," akanong'ona.

"Basi aliondoe mwenyewe," Bi Kidawa akasema, akarudi nyuma hatua moja.

"Fransis!" Zuena akaita. "Ondoa tawi! Liko miguuni pako!"

"Tawi gani?" ikajibu sauti, karibu kabisa. "Hapa hapana tawi. Pana giza."

Jua la saa kumi lilikuwa linawaka juu ya majani. Zuena akaona majani makavu ng'ambo ya tawi yakibonyea, mara moja, mara mbili, umbo la buti, na juu ya buti hapakuwa na kitu.

"Nishike mkono, Zuena. Nitaufuata mkono wako."

Akaunyoosha mkono wa kushoto kabla hajakatazwa, na kitu kikaushika, baridi kama maji ya mtungini, lakini alizijua zile sugu za panga chini ya vidole, alimjua mumewe, akavuta kwa nguvu zake zote huku akilia jina lake, na alipokuwa akivuta akahisi mkono mwingine ukipita polepole juu ya ule wa Fransis, mkono mrefu usio na sugu wala mifupa, unatambaa hadi kwenye kifundo chake, unazunguka mara moja, unazunguka mara ya pili, na ndipo nao ukaanza kuvuta.

"Achia!" Bi Kidawa alimkumbatia kiunoni. "Achia, mwanangu, nyie mko wawili, wewe na wa tumboni!"

"Ni yeye, bibi! Ni yeye!"

"Ni yeye, lakini hayuko peke yake! Achia!"

Zuena hakuachia. Fransis ndiye aliyeachia. Zuena alizihisi zile sugu zikiondoka kiganjani, zikipanda kwenye kifundo, zikibandua kile kilichomshika, tanzi moja moja, kama mtu anavyobandua mtambaazi kwenye mti, hata mkono wake ukawa huru, naye na Bi Kidawa wakaanguka chali.

Msitu ukanyamaza. Mkono ule wa kushoto wa Zuena haukupata joto tena.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, akaitwa Adelina, jina la mama yake Fransis. Zuena aliendelea kuwasha moshi kila alasiri. Sauti haikuja. Ila siku za mwishomwisho za arobaini ya uzazi, harufu ya udongo mbichi ikaanza kusikika ndani ya nyumba, na haikuwa mlangoni wala jikoni. Ilikuwa kitandani, upande anaolala mtoto.

Siku ya arobaini, asubuhi, tawi lilikuwa kizingitini.

Kornelio aliitwa. Akachutama, akapitisha kidole. Mstari ulikuwapo, utomvu ungali unatoka. Kisha akatazama upande uliokatwa ulikoelekea, akatazama tena. Safari hii haukuelekea msituni. Ulielekea chini, stesheni.

"Anasema nini?" Zuena akauliza.

"Shemeji, lugha ya matawi unaijua."

"Niambie wewe."

"Anasema hapa hapafai. Piteni kule."

Zuena akamgeukia Bi Kidawa. "Bibi, wewe unamjua mwenyeji. Umempa unga tangu usichana wako. Huwezi kumwambia atuache?"

"Nimempa unga ili asinitazame," Bi Kidawa akasema. "Kumtoa siwezi. Sijamsikia mtu aliyemtoa. Nenda, mwanangu."

"Na moshi? Nani atamwashia moshi?"

"Nitamwashia mie."

Walitokea mlango wa uani, tawi wasiliguse. Treni ya saa saba iliondoka Pugu, Zuena dirishani, kanga mbili na mtoto. Na magurudumu yalipoanza kushika mwendo akazisikia buti, huko ndani ya miti, zikikimbia sambamba na behewa, na mluzi unaokatikakatika kwa kukosa pumzi. Adelina akageuza kichwa kuufuata. Zikaja nao kwenye mteremko wote. Msitu ulipokomea, penye mashamba ya mihogo, buti zikasimama.

Zuena alitaka kumpungia. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika mtoto. Wa kushoto ulikuwa mapajani, baridi vilevile, na vidole vyake havikumtii.