Swali la Mia Mbili na Kumi na Nne

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, mtu ambaye mpaka siku ile hakuwa akiogopa kitu chochote duniani isipokuwa mende. Nayaeleza kama alivyonieleza mwenyewe. Yale ya mwisho niliyaona kwa macho yangu, na laiti ningekuwa na uwezo wa kuchagua, nisingeyaona.

Ilikuwa Jumanne, asubuhi ya kawaida tu. Shemeji alimpelekea dada chai katika chumba cha nyuma, akampangia mito mgongoni, akamrekebishia barakoa ya mashine ya kupumulia. Mapafu ya dada yalikuwa yameharibika kwa miaka mitatu, na bila mashine hiyo hakuweza kumaliza hata sentensi moja. Hata akiwa nayo alizungumza kwa vipande.

"Leo ukiwahi," dada alisema, akapumzika, "uninunulie betri za redio."

"Nikisahau unifukuze."

"Nitakufukuza," akapumzika tena, "nikipata pumzi."

Wakacheka. Shemeji akavaa viatu, akaenda kazini.

Alifanya kazi katika karakana inayounda vifaa vya ndani vya mashine kama ile ya dada. Ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi: meza sita, dirisha lisilofunguka, na feni inayozunguka inapojisikia. Kazi yake ilikuwa kuandaa kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu ya chini kabisa inayoiamsha chipu mashine inapowashwa, ikaiambia pampu iko wapi, king'ora kiko wapi na saa ni ngapi. Kiwanda kilikuwa kimeacha kutengeneza chipu za zamani na kuleta ukoo mpya: chipu nne za tumbo moja, kuanzia kifunguamimba nene mpaka kitindamimba ndogo kama punje ya mchele. Kiini kimoja kilitakiwa kizitoshe zote.

Kuandaa kiini ni kujibu maswali. Kompyuta inakuuliza moja moja: chipu hii ina kipima joto? Itumie kumbukumbu ya aina hii? Unajibu ndiyo au hapana. Ukibonyeza Enta bila kuandika kitu, inachukua jibu lake yenyewe, ambalo mara nyingi ni hapana. Ukiomba maelezo utapewa, na karibu yote humalizikia kwa maneno yale yale: kama huna uhakika, jibu hapana. Siku hiyo maswali yalikuwa mia tatu na ushee. Ukiyamaliza, kompyuta inakipika kiini kwa dakika arobaini, halafu inakituma kwa mtandao hadi kwenye mashine chache za majaribio zilizo majumbani mwa wagonjwa. Ya dada ilikuwa mojawapo. Shemeji ndiye aliyeiandikisha, kwa sababu mashine zikipata kiini kipya huacha kelele na alitaka mkewe alale vizuri.

Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya mzee mmoja waliyempachika jina la Mtangazaji. Alisoma kila swali kwa sauti na kulijibu kwa sauti, utadhani anasoma taarifa ya habari. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Alichukia jambo moja tu, kulaza kidole juu ya Enta ili maswali yapite yenyewe. Mafundi wote wa kazi hii hulaza kidole, maana nani ana maisha ya kusoma mambo mia tatu? Lakini Mtangazaji akikiona kidole chako kimelala pale, alikiondoa kwa mkono wake, wala hakusema sababu. Alifariki mwaka uliotangulia, adhuhuri, akiwa kwenye kiti chake.

Shemeji alisoma maswali mia moja ya kwanza kwa uangalifu wote. Mkuu wa karakana akachungulia mlangoni akasema kazi inatakiwa leo leo. Saa sita ikapita. Njaa ikaanza kumkwaruza tumbo. Akalaza kidole.

Maswali yakakimbia kwenye skrini, yote ya Kiingereza kama ilivyo kawaida. Halafu likapita moja ambalo halikuwa la Kiingereza.

Akainua kidole. Akairudisha skrini nyuma, mstari kwa mstari.

Swali la mia mbili na kumi na nne. Mwanamke wa chumba cha nyuma aendelee kupumua?

Jibu: hapana.

Kwanza alikasirika. Alidhani kuna mtu amemfanyia mzaha, na mzaha wa namna hiyo haufanyiwi mtu mwenye mgonjwa. Akageuka. Watu walikuwa wameshatoka kwenda kula, amebaki mchora bodi tu, mwanamke wa makamo wa meza ya jirani anayechora mabamba ya saketi, kainamia kazi zake. Shemeji akatafuta maneno yale katika mamilioni ya mistari ya kiini chote. Hayakuwemo. Akafungua faili la majibu, akauona mstari, akabadilisha hapana kuwa ndiyo, akahifadhi. Akafungua tena. Hapana. Akarudia mara tatu. Mara ya tatu chini yake palikuwa na maelezo ambayo hakuyaona mwanzo.

Hakuna maelezo kwa swali hili. Kama huna uhakika, jibu hapana.

Akajituliza. Kiini hakijapikwa, hakuna kilichotoka humu ndani, mashine ya nyumbani haijaguswa. Hivyo ndivyo fundi anavyofikiri, na kwa hesabu za kifundi hakukosea.

Simu ikaita.

"Kifua," dada alisema. Kimya kirefu. "Kinabana."

"Mashine inafanya kazi?"

"Inafanya." Kimya tena. "Haisaidii."

Ndipo aliponipigia mimi, kwa kuwa naishi mtaa wa pili. Nilikimbia na kandambili. Nilimkuta dada kakaa kitako, midomo imeanza kuwa ya kijivu, vidole vimeshika shuka. Mashine ilikuwa inanguruma vizuri tu, taa zake zote za kijani. Niliweka kiganja mbele ya barakoa nikahisi hewa inatoka kwa nguvu. Ilikuwa inamfikia. Ila haikuwa inaingia.

Kule karakanani mchora bodi alikuwa ameshasimama nyuma ya kiti cha shemeji.

"Umeliona, kaka," alinong'ona. Hakuwa anauliza.

"Wewe ulishaliona?"

"Sijawahi. Nilikuwa namsikia Mtangazaji akilijibu. Miaka minane. Kila kiini kipya akifika mahali fulani sauti inashuka, anasema, ndiyo, mama aendelee. Mama yake alikuwa wa kitandani. Sisi tukasema mzee kazidiwa na mawazo."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana alikuja na homa. Akasinzia hapo hapo, kidole kiko juu ya Enta." Akatazama mlango. "Alipozinduka alifuta kila kitu, akaanza upya kwa sauti. Safari hii alipofika pale alikaa sana. Halafu nikamsikia anasema, basi mimi. Baada ya siku tisa tukamzika."

"Na mama yake?"

"Nimekutana naye sokoni juzi. Kajitwika mzigo wake mwenyewe."

Shemeji akafuta faili. Akaanza na swali la kwanza. Akasoma kwa sauti. Mchora bodi alikaa karibu naye. Hamsini. Mia moja. Mate yakamkauka. Mia mbili. Mia mbili na kumi na tatu.

Skrini ikasimama.

Chagua mmoja. Wa kwanza, aliye chumba cha nyuma. Wa pili, aliye mezani. Usipochagua, wa kwanza.

Shemeji hakunificha kitu. Aliniambia alitaka kuishi. Alikuwa na miaka arobaini na moja, magoti mazima, meno yote. Aliwaza kuizima kompyuta aende zake. Aliwaza kwamba dada ni mgonjwa tayari, kwamba hata madaktari walishasema siku zake si nyingi, na akajichukia kwa kuwaza hivyo, ila aliendelea kuwaza. Dakika kumi na mbili zilipita mikono yake ikiwa mapajani.

Akapiga simu. Niliipokea, nikaiweka kwenye sikio la dada. Dada hakuweza kusema. Kilichokwenda kule ni sauti ya pumzi yake tu, fupi, halafu fupi zaidi.

"Mke wangu," alisema.

Akaandika mbili.

"Basi mimi," akasema kwa sauti, akabonyeza Enta.

Nilikuwa nimeushika mkono wa dada. Nilihisi mwili wake mzima umelegea, nikajua amekwenda, nikafumba macho. Halafu nikasikia akivuta pumzi ndefu ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwa miaka mitatu.

"Niletee maji ya kunywa mdogo wangu, haya ya hapa yameshapata moto," alisema. Sentensi nzima, bila kupumzika hata mara moja. Nililia kama mtoto, nikidhani ni furaha ndiyo inaanza.

Siku ya tatu dada aliivua barakoa. Siku ya tano alifua mashuka yote ya nyumba, akayaanika, akaimba. Shemeji alikaa kizingitini akimtazama. Alikuwa amemaliza yale maswali yaliyobaki siku ile ile, kiini kikapikwa, kikaingia kwenye mashine, na mashine ikawa kimya kabisa kama alivyotaka. Siku ya sita alipumzika mara mbili kwenye ngazi za karakana. Siku ya saba aliniita nyuma ya nyumba, akanieleza yote haya kwa vipande vipande, kama dada alivyokuwa akizungumza zamani.

"Usimwambie, shemeji," alininong'oneza.

"Twende hospitali."

"Nimekwenda." Akapumzika. "Wanasema sina kitu."

Nilimwambia afute tena, achague tena. Alisema amejaribu. Kila akifika pale, linatoka la mia mbili na kumi na tatu, linafuata la mia mbili na kumi na tano. Lile halipo.

Siku ya tisa, adhuhuri, dada alimkuta kwenye kiti, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Daktari aliandika kuwa ni moyo. Tukazika. Dada alilia mpaka sauti ikakatika, akasimama, akapumua vizuri, akalia tena. Siri yake nilimfichulia dada siku ya matanga. Hakushangaa. Alisema alishahisi, maana usiku wa siku ile ya kubanwa kifua mumewe alimshika mkono kama mtu anayeaga.

Baada ya wiki mbili karakana ilimtuma fundi kuichukua mashine. Tuliingia naye chumba cha nyuma. Barakoa ilikuwa juu ya mto, pale pale dada alipoiacha. Mashine ilikuwa inafanya kazi.

"Nani anaitumia?" fundi aliuliza.

"Hakuna," dada alijibu.

Fundi akatuonyesha skrini ndogo pembeni. Pumzi kwa dakika: kumi na nne. Akasema kihisio, kile kifaa kinachohesabu pumzi, kimekwama. Akakitoa, akaweka kipya. Kumi na nne. Akasema ni kiini kipya kina kasoro. Kisha, ili kutuonyesha kwamba namba ile haina maana, akaziba barakoa kwa kiganja chake.

Namba ikapanda. Ishirini. Thelathini na mbili. Arobaini. King'ora kikalia. Mpira wa hewa ukatikisika juu ya kitanda, na ndani ya barakoa pakafanya ukungu.

Dada alimsukuma mkono kwa nguvu. Ukungu ukapungua taratibu. Namba ikashuka, ikatulia kumi na nne. Fundi alikusanya bisibisi zake, akaondoka, na karakana haijatuma mtu mwingine tena.

Tangu hapo dada hulala kwenye mkeka kando ya kitanda kile. Umeme ukikatika hukesha akiangalia betri ya mashine. Nilimwambia aizime, shemeji apumzike. Akaniuliza nina uhakika gani kwamba atapumzika.

Leo asubuhi nimepita kumsalimia. Alikuwa kakaa ukingoni mwa kitanda, anaifuta barakoa ndani kwa kitambaa laini, maana siku hizi inalowa.

"Tangu Ijumaa anapumua vibaya," alininong'oneza.

Nilitazama skrini. Sita. Nilipokuwa nafunga mlango nikatazama tena. Tano.