Wembe wa Penseli

Kila jioni kengele ya mwisho ilipolia, Nyevu alikuwa wa kwanza kufika kiwanjani. Alichukua jembe, akaulainisha mchanga wa shimo la kurukia, kisha akaanza bila kungoja wenzake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na shule nzima pale Tezo ilijua kwamba hakuna msichana aliyemfikia katika kuruka mbali. Mashindano ya wilaya yalikaribia, na Mwalimu Joram alikwisha kutangaza kwenye gwaride kuwa Nyevu ndiye tegemeo lao. Basi akaruka asubuhi, akaruka jioni, na Jumapili baada ya kanisa akaruka tena, utadhani shimo lingehama asipolilinda.

Goti ndilo lililochoka kwanza. Chini kidogo ya pia ya goti la kulia kilitokeza kinundu kigumu, na kupiga magoti kanisani kukawa adhabu. Nyevu hakumwambia mtu. Aliogopa.

Aliogopa kwa sababu ya Mzee Ngala, jirani yao aliyeuza mafuta ya taa. Mwaka uliopita mzee huyo alipelekwa hospitali Kilifi akiwa na miguu miwili, akarudi na mmoja. Nyevu alikuwapo aliposhushwa garini. Aliiona suruali iliyokunjwa na kubanwa kwa pini mahali ambapo mguu ulipaswa kuwa. Tangu hapo, kila alipotumwa mafuta alinyoosha chupa mlangoni huku akitazama pembeni. Kichwani mwake jambo lilikuwa wazi: mguu ukiuma, ukienda hospitali, unakatwa.

Aliyemgundua ni Kabibi, rafiki yake wa dawati moja.

"Unachechemea," alisema Kabibi.

"Sichechemei."

"Nyevu, mimi nina macho. Hebu nione."

Kabibi alikuwa mjukuu wa mganga. Mara nyingi alimwona babu yake akiwachanja watu chale na kuwapaka dawa ili maumivu yatoke. Dawa yenyewe hakuijua, lakini hilo halikumzuia hata kidogo. Alikibonyeza kinundu, akakunja uso kama babu yake.

"Damu mbaya imeganda hapa," akasema. "Ikitoka tu, umepona. Utaruka mpaka Takaungu!"

Siku iliyofuata walijificha nyuma ya bohari ya shule. Kabibi alikuja na masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya nazi. Kutoka kwenye kikopo chake cha jiometri akatoa kipande cha wembe, kile kile ambacho nusu ya darasa walikichongea penseli. Alichanja mara tatu juu ya kinundu, akasugua masizi. Nyevu aliuma ukosi wa sare yake asipige kelele. Kisha wakaapiana kwamba hawatamwambia mtu yeyote.

Damu ilitoka, lakini maumivu hayakutoka. Goti lilipata moto, likavimba, ngozi ikang'aa. Nyevu alilifunga kwa kitambaa akalificha chini ya leso aliyojifunga kiunoni. Haukupita muda mrefu mtoki ukamwota kinenani, na mwili ukaanza kutetemeka kwa homa. Kila akijilaza alikuwa anaiona ile suruali yenye pini.

Asubuhi moja mama yake, Easter, alimwita wakachote maji. Nyevu hakuweza kusimama. Mama alifunua leso, akafungua kitambaa, na harufu ya usaha ikamfanya arudi nyuma.

"Mwanangu! Hiki ni nini?"

"Nilianguka, mama. Kwenye jiwe."

"Inuka, twende hospitali."

"Mama, tafadhali! Watanikata! Watanikata kama Mzee Ngala!"

Nyevu alilia mpaka sauti ikakauka, lakini Easter hakubishana naye. Alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga mpaka barabara kuu, wakapata gari la kwenda Kilifi.

Hospitalini walipokewa na Daktari Nduku, mwanamke mrefu aliyezungumza taratibu. Kando yake palikuwa na sinia lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Nyevu hakuyaondoa macho yake hapo. Alikuwa na hakika kwamba chini ya kitambaa kile kulikuwa na msumeno.

"Ulianguka kwenye jiwe?" daktari aliuliza. "Mbona jiwe hili linajua kuchora mistari mitatu iliyonyooka?"

Nyevu akavuta leso kulifunika goti.

"Sikuulizi ili uchapwe. Chuma kichafu kinaweza kukuingizia pepopunda, na pepopunda siioni kwa macho. Usiponiambia kweli, nitakutibu nusu."

"Nikisema, mtanikata mguu?"

Daktari hakutabasamu. "Nitafanya kila niwezalo usikatwe. Lakini umechelewa, na nahitaji unisaidie."

Nyevu alikumbuka kiapo chake na Kabibi. Alimtazama mama yake, ambaye midomo ilikuwa inamcheza kwa hofu, ndipo akajua kwamba hakuwa akiogopa peke yake.

"Ni wembe," akasema. "Wembe wa penseli. Tulichanja kwa sababu goti lilikuwa linauma."

Kitambaa kilipofunuliwa, chini yake kulikuwa na pamba, sindano na kijisu kidogo. Daktari aliutoa usaha, akasafisha kidonda, akamchoma sindano ya pepopunda na nyingine za kuua vijidudu. Nyevu alilazwa. Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, alipeleka mkono chini ya shuka kuhakikisha mguu bado upo.

Uvimbe uliposhuka, daktari alimweleza kuhusu kinundu. "Wewe bado unakua. Ukiruka bila kupumzika, mshipa mnene wa mbele ya goti huuvuta mfupa ambao haujakomaa. Unauma, ndiyo, lakini dawa yake kubwa ni kupumzika. Kilichotaka kuuchukua mguu wako ni ule wembe."

"Kupumzika tu?" Nyevu aliuliza, akaanza kulia.

Mashindano yalipita bila yeye. Mwalimu Joram alikuja kumwona, akakaa kitako huku ameinamisha kichwa. "Nilikuona ukichechemea," alisema, "nikanyamaza kwa sababu nilitaka kikombe. Nisamehe."

Siku chache baada ya kurudi nyumbani, Nyevu alitumwa mafuta ya taa. Safari hii hakutazama pembeni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ehe! Leo nimeonekana," Mzee Ngala alicheka. "Nasikia uliogopa kukatwa kama mimi."

"Ndiyo, babu."

Mzee aliipapasa suruali yake iliyokunjwa. "Mimi nilichomwa na msumari, nikakificha kidonda. Nikamwambia mke wangu kwamba ni kiatu kinanibana. Nilipokubali kwenda, mguu ulikuwa umekwisha kuoza. Daktari alimalizia tu, mjukuu wangu. Mguu huu niliupoteza siku ile nilipodanganya. Mwili ukikuuma, sema mapema, na useme kweli."

Nyevu aliinama akaligusa goti lake, chupa mkononi.

"Babu," akasema polepole, "leo goti linaniuma tena kidogo."

"Mama yako anajua?"

"Bado."

Mzee Ngala aliichukua chupa akaiweka chini. "Basi mafuta yatangoja."

Nyevu akageuka, akaenda polepole bila kukimbia, na hata kabla hajafika uani alikuwa amekwisha kuita, "Mama!"